Siku 100 za kubishania jina: Baraza la Usalama wakati wa korona

Tarehe 23 Machi 2020, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitoa tamko fupi akiwa New York. Aliomba jambo moja: wanaopigana popote duniani waweke silaha chini, ili watu wapate nafasi ya kupambana na ugonjwa mpya uliokuwa ukisambaa. Alisema ukali wa virusi hivi unaonyesha upumbavu wa vita. Baraza la Usalama, ambalo nchi zote wanachama zimekubali kwa mkataba kutekeleza maamuzi yake, liliunga mkono ombi hilo tarehe 1 Julai 2020 kwa azimio namba 2532. Hesabu siku kati ya tarehe hizo mbili, utapata 100 kamili.

Kila ninapofundisha habari za Baraza hili, wanafunzi huniuliza: siku zote hizo walikuwa wanafanya nini? Wengi huwa wameshajipa jibu. Ofisi zilifungwa, mabalozi walikuwa majumbani, intaneti ikasumbua. Si kweli, na nimeona niandike makala hii kwa sababu jibu hilo linatupotosha hata tunapofuatilia habari za leo. Tatizo la mitambo lilipatiwa dawa kabla Machi haijaisha. Kilichokula siku 100 ni mabishano juu ya kulitaja au kutolitaja shirika moja: Shirika la Afya Duniani, WHO.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa Lamu au Unguja akisikia "baraza", kinachomjia kwanza ni ile kingo ya mawe iliyojengewa ukutani, nje ya mlango, ambapo watu hukaa jioni wakinywa kahawa. Pale habari hupokewa, ndoa husuluhishwa, ugomvi wa mpaka wa shamba humalizwa kabla haujafika kwa sheha. Anayekaa barazani anaonekana uso, anasikika sauti, na akinyamaza, ukimya wake nao husomeka. Waliolipa chombo hiki jina la Baraza la Usalama kwa Kiswahili walilenga barabara.

Maana hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, umekusudia hivyo. Ibara ya 28 inataka Baraza liwe tayari kufanya kazi wakati wote, na kwa ajili hiyo kila mjumbe awe na mwakilishi wake makao makuu siku zote. Ndiyo sababu balozi wa nchi mjumbe anaweza kuitwa usiku wa manane na akafika. Nchi hizo ni 15: tano za kudumu, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China, kila moja ikiwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia azimio peke yake, na 10 zinazochaguliwa kwa miaka miwili miwili.

Ule ukumbi tunaouona kwenye televisheni, wenye meza kubwa iliyopinda kama kwato ya farasi, ni mahali pa kupakulia. Chakula kimepikwa kwingine. Pembeni yake kuna chumba kidogo cha mashauriano kisichoingia kamera, na nje ya chumba hicho kuna korido. Humo ndimo balozi humshika mwenzake kiwiko na kumnong'oneza: neno hili serikali yangu haitalipitisha, lakini ukiliandika hivi, nitajaribu kuwashawishi wakubwa zangu. Rasimu huzunguka hivyo kwa siku kadhaa, ikikatwa na kuungwa, hadi wanaposema "imeingia kwenye bluu". Msemo huo umetokana na desturi ya zamani ya kuchapa toleo la mwisho kwa wino wa bluu, ishara kwamba kinachobaki ni kupiga kura.

Katikati ya Machi 2020 korido hizo zikawa tupu. New York ilikuwa imeanza kuelemewa na wagonjwa, watumishi wa Umoja wa Mataifa wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. China ndiyo iliyokuwa na zamu ya urais wa Baraza mwezi ule, na mara moja likaibuka swali ambalo halikuwahi kuulizwa tangu Baraza lianze kukutana 1946: kura itapigwaje? Ukumbini kura ni mkono juu. Je, mkono unaoonekana kwenye kioo cha kompyuta ni mkono? Urusi ilisema hapana; mkutano wa video si kikao rasmi cha Baraza, kwa sababu kanuni hazikuuwazia. Wapo waliouona msimamo huo kuwa ukaidi. Mimi naona ulikuwa na hoja, kwani uamuzi wa Baraza unaweza kuwekea nchi vikwazo au kupeleka majeshi, na mtu yeyote mwenye nia ya kuukataa angeweza baadaye kusema haukupitishwa kihalali.

Tarehe 27 Machi wakakubaliana njia. Rais wa Baraza huwatumia wajumbe wote barua yenye rasimu iliyokamilika. Kuanzia hapo kila ujumbe una saa 24 za kujibu kwa barua iliyotiwa saini na balozi au kaimu wake: ndiyo, hapana, au najizuia. Barua hutumwa kwa barua pepe kwa sekretarieti, kura zinahesabiwa, kisha rais anatangaza matokeo kwenye mkutano wa video. Tarehe 30 Machi maazimio manne yalipita kwa njia hiyo, mojawapo likiongeza muda wa ujumbe wa kisiasa wa Umoja wa Mataifa nchini Somalia. Mwishoni mwa Mei, muda wa jeshi la Umoja wa Afrika huko huko Somalia, AMISOM, nao uliongezwa kwa barua pepe vilevile.

Kazi ikaendelea, basi, ila kuna kilichopungua. Mwanzoni mikutano ya video haikuwa na ukalimani, kwa hiyo balozi aliyezoea kutetea nchi yake kwa Kifaransa au Kirusi ilimbidi ajikaze kwa Kiingereza. Na kile kiwiko cha kushika kwenye korido hakikuwepo tena. Mtu akikataa neno kwenye simu ya kikundi, na wenzake 14 wanasikiliza, amekataa mbele ya watu. Kurudi nyuma kunakuwa aibu.

Jina lililokwama kooni

Kikao cha kwanza cha Baraza kuhusu korona kilifanyika tarehe 9 Aprili, faraghani. Wakati huo Baraza Kuu lenye nchi 193 lilikuwa limeshapitisha azimio lake namba 74/270, tarehe 2 Aprili, la mshikamano dhidi ya ugonjwa. Kwenye Baraza la Usalama zilikuwepo rasimu mbili: moja ikiongozwa na Ufaransa, ikizungushwa kwanza miongoni mwa wale watano wakubwa, nyingine ikiongozwa na Tunisia kwa niaba ya wale 10 wa kuchaguliwa. Baadaye zikaunganishwa kuwa moja.

Maudhui hayakuwa na ugomvi mkubwa. Nani angepinga kusimamisha vita ili wagonjwa watibiwe? Ugomvi ulikuwa kwingine. Kwanza Marekani ilitaka azimio litamke virusi vilikotokea na lidai uwazi. China haikutaka kusikia. Kisha tarehe 14 Aprili Rais Donald Trump akatangaza kusitisha fedha za Marekani kwa Shirika la Afya Duniani, WHO, akilituhumu kuibeba China. Tangu siku hiyo jina la shirika hilo likawa mfupa. China ilitaka litajwe kwa heshima, Marekani ikasema halitajwi kabisa.

Wafaransa na Watunisia wakajaribu kupita katikati kwa kuandika "mashirika maalumu ya afya" bila kutaja jina. Hapa inafaa kueleza utaratibu wa ukimya, kwa sababu ndio unaoendesha sehemu kubwa ya diplomasia ya pamoja. Rasimu huwekwa mezani na kupewa saa ya mwisho. Asiyesema kitu mpaka saa hiyo amekubali. Anayepinga huandika kwamba "anavunja ukimya", na hahitaji kupiga kelele wala kutoa hotuba. Tarehe 8 Mei saa zilikuwa zinayoyoma, na ilionekana safari hii wamefika. Marekani ikavunja ukimya. Hata maneno yale yasiyo na jina ilisema yanamaanisha WHO.

Mei yote ikapita, Juni nayo ikaenda. Nchi zaidi ya 170 zilikuwa zimeshaunga mkono wito wa Guterres kwa matamko yao wenyewe, huku chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo hasa kikiwa kimya. Ufumbuzi uliopatikana mwishoni unastahili kuchunguzwa kwa karibu. Azimio 2532 halimtaji WHO popote. Halisemi lolote kuhusu uwazi wala chimbuko. Ila kwenye utangulizi wake linarejelea azimio 74/270 la Baraza Kuu. Na ukilifungua hilo, humo ndani WHO imetajwa kwa jina. Marekani ikasema jina halimo, China ikasema limo kwa kupitia mlango wa jirani. Kura zote 15 zikawa za ndiyo.

Nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi utangulizi huo kama mfano wa ufundi wa uandishi, na ni ufundi kweli. Lakini ufundi huo ungeweza kupatikana tarehe 15 Aprili. Azimio 74/270 lilikuwa limeshapita. Hakuna kilichogunduliwa Juni ambacho hakikuwepo Aprili. Kilichobadilika ni kwamba kila upande ulichoka kuonekana ndio unaozuia.

Uchungu wa jambo hili unaonekana zaidi ukikumbuka miaka ya nyuma. Mwezi Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikiua Liberia, Sierra Leone na Guinea, Baraza hilihili lilipitisha azimio 2177 lililotangaza kwamba mlipuko ule ni tishio kwa amani na usalama wa kimataifa. Marekani ndiyo iliyokuwa mbele kuliandaa, nchi zaidi ya 100 zikajiunga kulidhamini, na WHO ilitajwa waziwazi bila mtu kukohoa. Oktoba 2018, Ebola ilipokuwa Beni, mashariki mwa Kongo, na makundi yenye silaha yakishambulia watoa chanjo, Baraza lilipitisha azimio 2439 kwa kauli moja. Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliochukua maisha ya watu 2,287, ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wauguzi wa Beni na Butembo walimaliza kazi yao siku sita kabla ya mabalozi wa New York kumaliza yao.

Kama lingepita mapema, lingefanya nini?

Wapo wenzangu wanaosema azimio ni karatasi, na waliokuwa wakipigana wangeendelea kupigana tu. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Libya pande zote mbili zilipokea wito wa Guterres kwa maneno mazuri, na mwanzoni mwa Aprili hospitali ya Al-Khadra mjini Tripoli ikapigwa makombora. Na azimio lenyewe, lilipokuja, lilidai mapigano yasimame katika migogoro yote iliyo kwenye ajenda ya Baraza na kutaka pumziko la kibinadamu la angalau siku 90 mfululizo, lakini likaacha nje operesheni dhidi ya Dola la Kiislamu, Al-Qaeda na washirika wao. Tundu hilo lilikuwa pana kiasi kwamba serikali yoyote ingeweza kumwita adui wake gaidi na kuendelea.

Hata hivyo tazama yaliyotokea katika wiki za kwanza. Kolombia, waasi wa ELN walitangaza kusitisha mapigano kwa mwezi mzima wa Aprili. Ufilipino, serikali na waasi wa kikomunisti kila upande ulitangaza kivyake. Kundi moja katika eneo la Kameruni linalozungumza Kiingereza lilisema litaacha bunduki kwa siku 14. Muungano unaoongozwa na Saudi Arabia ukatangaza wiki mbili za utulivu Yemeni kuanzia 9 Aprili. Hayo yalikuwa madirisha madogo, yaliyofunguka yenyewe, bila Baraza kusema lolote. Na yote yalikuwa na tarehe ya kufungwa. Usitishaji wa upande mmoja hauna msimamizi, hauna wa kuhesabu nani amekiuka, hauna mtu wa kumwambia jemadari wa upande wa pili kwamba dunia inamtazama. Muda ulipoisha, bunduki zikarudi.

ELN wanaonyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Walirudi vitani baada ya 30 Aprili. Azimio 2532 lilipopita, hawakungoja hata wiki iishe vizuri: tarehe 7 Julai waliiandikia serikali wakipendekeza siku 90 za kusitisha mapigano pande zote mbili, wakilitaja azimio lenyewe. Rais Iván Duque alikataa. Kwa hiyo karatasi ile ilisomwa porini, na kuna kundi lililoitumia kama ngazi ya kushukia mtini. Lingekuwepo Aprili, wakati ELN tayari imenyamaza, serikali ya Bogotá ingekuwa na kazi ngumu zaidi ya kusema hapana. Sisemi ingekubali.

Wiki hiyohiyo ya Julai ikaja Syria. Tangu 2014 Baraza lilikuwa limeruhusu misaada kuvuka mipaka kwenda maeneo yasiyoshikwa na serikali ya Damascus, kupitia vituo vinne. Januari 2020 vilipunguzwa kuwa viwili, vyote kutoka Uturuki, na kituo cha Al-Yarubiyah kwenye mpaka wa Iraki kikafungwa. Hicho ndicho kilichokuwa njia ya dawa na vifaa vya hospitali kwenda kaskazini mashariki. Miezi miwili baadaye dunia ikatangaziwa janga.

Ruhusa ya vile viwili vilivyobaki ilikuwa inaisha 10 Julai. Ujerumani na Ubelgiji ndizo zilizoshika kalamu ya rasimu. Tarehe 7 Julai Urusi na China ziliweka kura ya turufu. Siku iliyofuata Urusi ikaleta rasimu yake, ikakosa kura za kutosha. Tarehe 10 Julai turufu nyingine kutoka kwa walewale wawili. Ruhusa ikaisha usiku huo. Tarehe 11 Julai lilipita azimio 2533, kura 12, watatu wakijizuia, na kilichobaki ni kituo kimoja tu, Bab al-Hawa, kwa mwaka mmoja.

Fikiria kura ya turufu inayopigwa kwa barua pepe. Ukumbini, balozi anayezuia chakula na dawa hulazimika kunyoosha mkono huku wenzake 14 wakimtazama na kamera zikirekodi, kisha aeleze sababu, kisha asikilize majibu. Mkono huo hupigwa picha na kuchapwa magazetini kesho yake. Barua yenye saini haina picha. Sidai kwamba Urusi na China zingepiga kura tofauti ukumbini. Zilishafanya hivyo mara nyingi kabla ya korona. Ninachosema ni kwamba aibu ni chombo cha kazi katika diplomasia, kama sindano kwa fundi cherehani, na kwa miezi ile chombo hicho kiliwekwa kabatini.

Kenya yapigiwa kura kwa zamu

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna tukio la mwezi Juni ambalo naamini halikupata uzito uliostahili. Tarehe 17 Juni 2020 Baraza Kuu lilichagua wajumbe wapya watano wa Baraza la Usalama kwa kipindi cha 2021 na 2022. Kanuni zinataka kura ya siri, kwa karatasi, na hilo halingewezekana kwa barua pepe. Basi wakapangiwa zamu. Mjumbe mmoja kutoka kila nchi, kwa saa aliyopewa, amevaa barakoa, anaingia ukumbi ule mkubwa uliozoea kujaa watu, anatumbukiza karatasi yake kwenye sanduku, anatoka kwa mlango mwingine. Hakuna kukaa, hakuna kushauriana.

India, Meksiko, Norwei na Ayalandi zilipita siku hiyo. Kiti cha Afrika kilikwama. Umoja wa Afrika ulikuwa umeiteua Kenya mwaka uliotangulia, lakini Djibouti ilipinga namna uteuzi ulivyofanyika na ikabaki kwenye kinyang'anyiro. Raundi ya kwanza: Kenya 113, Djibouti 78. Theluthi mbili inayotakiwa ilikuwa 128. Kesho yake wajumbe wakarudi kwa zamu zao, na Kenya ikapata 129 dhidi ya 62. Ilivuka kwa kura moja.

Katika miaka ya kawaida, usiku kati ya raundi mbili za kura ni usiku wa kazi kubwa. Mabalozi hukaa mpaka alfajiri kwenye ukumbi wa mapumziko wa wajumbe, wakibembeleza kura moja moja. Safari hii ilikuwa simu na ujumbe mfupi. Kura 16 zilihamia Kenya usiku mmoja, bila mtu kumshika mwenzake mkono, na hilo linanifundisha kwamba urafiki uliojengwa kabla ya janga ulikuwa akiba iliyoweza kutumika. Akiba hutumika ikaisha, lakini. Balozi mpya aliyewasili New York mwaka 2020, asiyejua sura ya yeyote, hakuwa na cha kuchota.

Kenya iliingia Januari 2021 na kukuta suala la chanjo mezani. Tarehe 17 Februari Guterres aliliambia Baraza kwamba nchi 10 zilikuwa zimetoa asilimia 75 ya chanjo zote duniani, na nchi zaidi ya 130 hazijapata hata dozi moja. Tarehe 26 Februari likapita azimio 2565, lililoandaliwa na Uingereza, likitaka mapigano yasimame ili watu walio kwenye maeneo ya vita wachanjwe. Safari hii WHO ilikuwa haina matata: Marekani ilikuwa na rais mpya aliyerudisha nchi yake kwenye shirika hilo. Unaona, mitambo ilikuwa ileile na video ileile. Siasa ndiyo iliyobadilika.

Kuna watu wengine ambao mabadiliko haya yaliwagusa moja kwa moja, nao ni walinda amani. Mwezi Aprili 2020 Guterres alisimamisha kubadilishana kwa vikosi hadi 30 Juni, kwa hofu kwamba askari wapya wangebeba virusi kwenda kwa wananchi wanaowalinda. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizounda ile Brigedi ya Kuingilia Kati mashariki mwa Kongo mwaka 2013, na Beni ni eneo ambalo familia nyingi za Kitanzania hulitaja kwenye dua. Askari aliyekuwa amebakiza wiki chache arudi nyumbani aliambiwa asubiri. Uamuzi ulikuwa sahihi kiafya. Mzigo wake ulibebwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye azimio lolote.

Vienna bila wakuu

Mabishano ya aina hii hayakuwa ya New York pekee. Vienna kuna Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya, OSCE, lenye nchi 57 kutoka Amerika Kaskazini hadi Asia ya Kati. Lenyewe halina turufu ya wachache. Kila nchi ina uwezo wa kuzuia, kwa sababu huamua kwa kukubaliana wote. Mashariki mwa Ukraine waangalizi wake walianza kuzuiwa na waliojitenga Donetsk na Luhansk tangu Machi 2020, sababu ikitajwa kuwa karantini.

Julai 2020 muda wa wakuu wake wanne ulikuwa unaisha kwa pamoja: katibu mkuu, kamishna wa jamii za walio wachache, mkuu wa ofisi ya chaguzi na haki za binadamu, na mwakilishi wa uhuru wa vyombo vya habari. Azabajani ilimkataa huyu wa vyombo vya habari. Tajikistani ikamkataa yeye na yule wa haki za binadamu, ambaye Uturuki nayo haikumtaka. Nchi nyingine zikajibu kwamba kama hao hawaongezewi muda, basi hata wale wawili wengine wasiongezewe. Tarehe 18 Julai nafasi zote nne zikawa wazi. Mambo ya namna hii ndiyo ambayo mwenyekiti, mwaka ule ilikuwa zamu ya Albania, huyamaliza kwa kuwaweka watu wanne kwenye chumba kimoja na kuwafungia mlango hadi wakubaliane.

Tarehe 27 Septemba vita vilizuka kati ya Azabajani na Armenia juu ya Nagorno-Karabakh, eneo walilokuwa wakigombania. Usuluhishi wa mgogoro ule ulikuwa mikononi mwa Kundi la Minsk, lililokuwa chini ya OSCE, likiongozwa kwa pamoja na Urusi, Ufaransa na Marekani. OSCE ilikuwa haina katibu mkuu. Na ukihesabu zile siku 90 za azimio 2532 kuanzia 1 Julai, unaangukia siku hizohizo za mwisho wa Septemba. Tarehe 29 Baraza la Usalama lilikutana faraghani kuizungumzia Karabakh.

Vita viliendelea wiki sita. Tamko la kuvisimamisha lilianza kazi usiku wa kuamkia 10 Novemba, likiwa na saini za Armenia, Azabajani na Urusi, na wanajeshi 1,960 wa Urusi wakaenda kulisimamia. Wakuu wanne wapya wa OSCE waliidhinishwa tarehe 4 Desemba, siku 24 baadaye.